Mmoja anapaa, mwingine anahema: kuchagua safari ya baiskeli Ulaya kwa wawili wasiolingana

Vipeperushi vya safari za baiskeli za Ulaya vina maneno mawili yaliyowaponza wenzi wengi: "viwango vyote". Safari inafaa watu wa viwango vyote, tunaambiwa, na chini yake ipo picha ya mke na mume wanatabasamu bega kwa bega katikati ya mashamba ya mizabibu. Picha haionyeshi saa nne baadaye: mmoja amekaa kileleni, jasho limeshamkauka na baridi imeanza kumwingia, na mwenziwe yuko huko chini anasukuma baiskeli kwa miguu huku akiandaa maneno ya jioni.

Kwa msomaji aliyeko Stuttgart au Leeds, swali la safari hizi huja likizo inapokaribia. Kwa aliyeko Nairobi au Arusha, ambako vikundi vya baiskeli vya Jumamosi asubuhi si jambo geni tena, huja pale mmoja wa wawili anapokuwa amenogewa na mchezo na mwingine aligusa baiskeli mara ya mwisho akiwa shule ya msingi. Tafadhali msidhani kwamba wa pili lazima awe mke. Vikundi vina kina mama wengi ambao waume zao hawawezi kuwafuata hadi mzunguko wa kwanza wa barabara.

Tuanze na majina ya hizo safari zenyewe, maana hapo ndipo fedha hupotea mapema. Safari ya kuongozwa ina kikundi kidogo, mwongozaji mmoja au wawili wanaopiga pedali pamoja nanyi, na gari linalobeba mizigo, maji, vipuri na mtu yeyote aliyechoka. Safari ya kujiongoza ni kitu kingine kabisa: kampuni inakukatia hoteli, inahamisha mabegi yako kila asubuhi, inakukodisha baiskeli na kukupa ramani ya kwenye simu. Basi. Barabarani mko wawili na pancha yenu. Watu husoma "mizigo inabebwa" wakadhani mwongozaji yumo ndani ya bei. Hayumo. Wiki ya kujiongoza kando ya mto inaweza kugharimu euro mia kadhaa kwa mtu, wakati wiki ya kuongozwa yenye gari na waongozaji wawili kwa kawaida huhesabiwa kwa maelfu. Ukiona tofauti hiyo ya bei kati ya kampuni mbili, mara nyingi si kwamba moja ni mwizi, bali mnalinganisha vitu viwili tofauti.

Kuna aina nyingine mbili zisizotajwa sana, na kwa wenzi wasiolingana naziona bora kuliko hizo mbili za kwanza. Moja ni ya meli na baiskeli: mnalala kwenye meli ndogo ya mtoni, mnashuka asubuhi na baiskeli, na meli inawatangulia kwenye mji unaofuata. Asiyejisikia anabaki sitahani na kahawa yake na anafika kulekule. Njia ya Amsterdam hadi Bruges hufanywa hivyo, na ya mto Danube pia. Nyingine ni ya kituo kimoja: hoteli ni ileile wiki nzima, na kila siku mnachagua mzunguko wa kwenda na kurudi, mfupi au mrefu.

Sasa neno "uwezo". Watu hulitumia kana kwamba ni kitu kimoja, na ndani yake mna vitu visivyofanana. Ipo nguvu ya miguu na mapafu. Upo uvumilivu wa makalio, ambao haununuliwi kwa mazoezi ya kukimbia wala ya jimu. Mtu anayekimbia kilomita 20 kila wiki anaweza kushindwa kukaa kwenye kiti cha baiskeli siku ya tatu. Upo ustadi, yaani kushika breki kwenye mteremko wenye kona, kupita kwenye kokoto, kugeuka nyuma kuangalia gari bila kuyumba. Na ipo hamu tu. Mtu mwenye nguvu nyingi anaweza kuwa hataki kabisa kutumia likizo yake kutoka jasho, na hiyo ni haki yake. Kila moja ya tofauti hizi ina dawa yake, kwa hiyo kabla ya kufungua tovuti ya kampuni yoyote, ongeeni mjue yenu ni ipi.

Tofauti ya nguvu ndiyo inayoogopwa zaidi, na hapo kuna kanuni ya kimaumbile ambayo ukishaielewa, nusu ya uchaguzi umeshaufanya.

Chukua watu wawili ambao kila mmoja, pamoja na baiskeli yake, ana kilo 90. Mmoja ana miguu ya kutoa wati 200 kwa muda mrefu, mwingine wati 100. Wati ni kipimo kilekile kinachoandikwa kwenye taa na pasi. Hapa kinapima kazi ya miguu. Kwenye barabara tambarare isiyo na upepo, wa kwanza atakwenda karibu kilomita 30 kwa saa, na wa pili 22 au 23. Amemzidi mwenziwe nguvu mara mbili, lakini kasi amemzidi kwa theluthi tu. Sababu ni hewa. Kila unapoongeza kasi, hewa inakuzuia zaidi na zaidi, na sehemu kubwa ya nguvu za huyo shujaa inaishia kwenye upepo anaoutengeneza mwenyewe.

Wapeleke sasa kwenye mwinuko wa asilimia 6, yaani kila mita 100 za barabara wanapanda mita 6. Hapo hewa haina neno tena. Kinachowavuta nyuma ni uzito, na uzito haupunguzi deni: nguvu mara mbili, kasi mara mbili. Wa kwanza anapanda kwa kilomita 12 na ushee kwa saa, wa pili kwa 6 tu. Kwenye kilomita 6 za tambarare, mwenye kasi angesubiri dakika nne, muda wa kunywa maji na kupiga picha. Kwenye kilomita 6 za mwinuko huo atasubiri karibu nusu saa. Na mwenziwe anayepanda kwa kilomita 6 kwa saa anakwenda kasi ya mtu anayetembea kwa haraka, kasi ambayo baiskeli yenyewe huanza kuyumba, kwa hiyo anachoka mara mbili: kwa kupanda, na kwa kupigana na usukani. Tambarare ina fadhila nyingine pia. Mchovu akijificha nyuma ya mgongo wa mwenziwe anapunguziwa kazi ya hewa, na wanakwenda pamoja. Mlimani mgongo wa mtu haukusaidii kitu.

Kwa hiyo swali la kwanza la wengi, "Kwa siku ni kilomita ngapi?", siyo lenye uzito zaidi. Kilomita 50 kando ya mto na kilomita 50 za vilima vya Toscana, Italia, hazina uhusiano isipokuwa tarakimu. Ulizeni mita za kupanda kwa kila siku, kisha zigawanyeni kwa kilomita. Ikija mita 5 au chini kwa kila kilomita, hiyo ni tambarare ya kweli. Karibu na 10, kuna vilima vya kutosha kumtenganisha mmoja na mwingine. Ikipita 20 mko milimani, na neno "viwango vyote" hapo ni la kuuzia tu. Wala msiamini namba za ngazi, 1 hadi 5, zinazopangwa kando ya kila safari. Hakuna kipimo cha pamoja. Ngazi ya 2 ya kampuni moja inaweza kuwa ngazi ya 4 ya jirani yake.

Kilomita zina jambo moja la kuzingatia, nalo ni saa. Siku ya kilomita 50 kwa mtu wa kilomita 25 kwa saa ni saa mbili. Kwa mtu wa kilomita 14 kwa saa ni zaidi ya saa tatu na nusu kwenye kiti. Ajabu ya safari hizi ni kwamba mwenye nguvu kidogo ndiye anayefanya kazi ya muda mrefu zaidi, na bado ndiye anayeulizwa kwa nini amechoka.

Kwa misingi hiyo tazama njia zenyewe.

Ya Danube, kutoka Passau nchini Ujerumani hadi Vienna, ina urefu wa kilomita 320 hivi na kwa kawaida hufanywa kwa wiki moja. Ni sehemu ya EuroVelo 6, njia ndefu inayoanzia pwani ya Atlantiki ya Ufaransa hadi Bahari Nyeusi. Passau ni mji wa mito mitatu, Danube, Inn na Ilz. Ukiuacha, mto unaingia bondeni na kufika Schlögen, ambako unajikunja hadi unakaribia kurudi ulikotoka. Mbele kuna Linz, halafu Mauthausen yenye kumbukumbu ya kambi ya mateso ya Wanazi, halafu Melk na abasia yake, yaani nyumba ya watawa, kubwa ya rangi ya manjano juu ya mwamba, na bonde la Wachau lenye mizabibu na miaprikoti. Sehemu kubwa ni lami isiyo na magari. Husemwa kwamba njia hii ni rahisi kwa sababu inafuata mto unaoshuka. Ni kweli kwamba mto unashuka, lakini tofauti ya mwinuko kati ya miji hiyo miwili haifiki mita 200. Ukiigawa kwa kilomita 320, mguu hauwezi kuihisi. Wanaosafiri kuelekea mashariki husaidiwa zaidi na upepo, ambao huko mara nyingi huvuma kutoka magharibi.

Lakini sababu ya kuipendekeza njia hii kwa wawili wasiolingana si utambarare peke yake. Ni kwamba ina milango mingi ya kutokea. Reli iko karibu kwa sehemu kubwa. Vivuko vidogo huvusha watu na baiskeli kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kati ya Melk na Krems kuna boti za abiria msimu wa joto. Aliyechoka saa sita mchana hahitaji kumpigia mtu simu wala kuharibu siku ya mwingine. Anapanda boti, na jioni wanakutana Krems. Na mwenye hamu ya kuumia? Vilima viko pembeni ya bonde, anapanda, anashuka, anamkuta mwenziwe kwenye keki.

Mto Loire wa Ufaransa una sifa zinazofanana: njia ya kilomita 900 hivi ambayo hakuna haja ya kuimaliza, makasri kama Chambord na Villandry ya kumpa mtu sababu ya heshima ya kusimama, na treni. Njia ya mto Mosel, Ujerumani, kutoka Trier hadi Koblenz ni nzuri pia, karibu kilomita 200, ingawa mvinyo wake umeshasababisha ajali nyingi kuliko vilima.

Anayetaka milima bila kuumizwa na milima atafute njia za reli ya zamani. Treni haiwezi kupanda mwinuko mkali, kwa hiyo wahandisi wa zamani walichonga miamba na kutoboa mahandaki ili kuulainisha, na sasa reli ziling'olewa na kubaki njia za baiskeli. Njia ya Alpe Adria, kutoka Salzburg hadi Grado kwenye bahari ya Adria, inavuka Alpi namna hiyo: sehemu ngumu mnapakia baiskeli kwenye treni inayopita chini ya mlima kutoka Böckstein hadi Mallnitz, na upande wa Italia mnateremka juu ya tuta la reli iliyoachwa. Hispania nako kuna njia nyingi za aina hiyo, wao huziita Vías Verdes.

Sehemu za kuogopa, kwa wawili wasiolingana, ni zile zenye picha nzuri na njia moja tu. Barabara ya Sa Calobra kule Mallorca, kisiwa cha Hispania, ndiyo mfano wangu. Inashuka zaidi ya kilomita 9 kwa kona za kupendeza hadi baharini, halafu inaisha. Kurudi ni kupanda kilomita zilezile kwa wastani wa asilimia 7, au kuomba nafasi kwenye boti ya watalii. Kushuka kila mtu anaweza.

Baiskeli ya umeme ndiyo iliyogeuza mambo, na ndiyo yenye uvumi mwingi zaidi. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, baiskeli ya kawaida ya umeme ina mota isiyozidi wati 250, inasaidia pale tu unapopiga pedali, na msaada hukatika kasi ikifika kilomita 25 kwa saa. Kwa hiyo kisheria ni baiskeli, haina leseni wala namba za usajili. Zipo zinazosaidia hadi kilomita 45 kwa saa, lakini hizo zinahesabiwa kama pikipiki ndogo, na kampuni za safari kwa kawaida hazikupi hizo.

Wanaosema ni udanganyifu waache waseme, mlimani hawatakuwepo. Dhana yenye madhara zaidi ni kwamba baiskeli ya umeme inafuta tofauti yote. Inaifuta mlimani, naam, na mara nyingine inaigeuza: mwenye baiskeli ya mbio hugundua siku ya pili kwamba sasa yeye ndiye anayesubiriwa. Kwenye tambarare hali ni nyingine. Mwenye baiskeli ya mbio akishika kilomita 30 kwa saa, mota ya mwenziwe imeshanyamaza kwenye 25, na kilichobaki ni chuma cha kilo 20 na zaidi cha kusukumwa kwa miguu. Kwa hiyo mkichagua njia ya mto, mwenye kasi itabidi apunguze, hakuna teknolojia ya kumwokoa. Mkichagua vilima, umeme unalipa bei yake.

Haisaidii kwenye ustadi pia. Mtu anayeogopa mteremko ataogopa zaidi akiwa juu ya baiskeli nzito. Haisaidii makalio. Na betri ina mwisho: anayeweka msaada wa juu kabisa tangu asubuhi, kwenye siku ya vilima vingi, anaweza kuikuta imekwisha kabla ya chai ya jioni. Msifikirie kubeba baiskeli yenu ya umeme kwenye ndege. Betri inayozidi wati-saa 160 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) hairuhusiwi kwenye ndege za abiria, na za baiskeli huwa 400 na kuendelea. Mtaikodi hukohuko, na kampuni huwa nazo chache, kwa hiyo saizi ya fremu na idadi zithibitishwe mapema.

Kuna hofu ya upande mwingine, kwamba safari ya kuongozwa ni foleni: kila mtu nyuma ya mwongozaji, mwenye nguvu anabana breki, mchovu anaona aibu. Safari iliyopangwa vizuri haiko hivyo. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro anaujua utaratibu: mwongozaji mmoja anatangulia na wenye mapafu, msaidizi wake anabaki na wa polepole, wapagazi wamepita zamani, na wote wanakula chakula kimoja kambini. Ndivyo inavyotakiwa. Kila mmoja ana ramani yake, mmoja wa waongozaji huwa wa mwisho daima, na gari lina vituo vinavyojulikana. Hapa ndipo penye tofauti kati ya kampuni na kampuni, na ndipo pa kuwabana kwa maswali. Je, kila siku ina njia fupi na njia ndefu, au fupi ni kupanda gari tu? Gari linasubiri wapi, na linaweza kubeba baiskeli ngapi kwa wakati mmoja? Mwongozaji akiwa mmoja, yeye hukaa mbele au nyuma? Na swali ninalolipenda kuliko yote: kwenye siku ngumu zaidi ya safari hii, mtu wa kwanza huwasili hotelini saa ngapi na wa mwisho saa ngapi? Anayeijua njia atakujibu papo hapo. Anayeuza tu atakuambia kila mtu huenda kwa mwendo wake.

Mkishajibiwa, fanyeni jaribio la nyumbani kabla ya kulipa salio: siku mbili mfululizo pamoja, siyo moja. Siku ya kwanza kila mtu ni hodari. Ya pili ndiyo inayoonyesha nani anahitaji kiti kingine, suruali yenye pedi, au mota.

Kwa wenye pasipoti za Kenya au Tanzania kuna hesabu ya viza. Ombi la Schengen, viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, si ile ndege itakayotua. Safari ya Passau hadi Vienna watu huiita ya Ujerumani kwa sababu hutua Munich, wakati usiku mwingi hulaliwa Austria. Basi ombi ni la Austria au la ubalozi unaoiwakilisha. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya matibabu isipungue euro 30,000, na ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla hadi siku 15 kabla ya safari. Bima hiyo someni mstari kwa mstari kama inataja kuendesha baiskeli, na ya umeme pia. Na kabla ya kutuma malipo ya awali, pateni kwa maandishi mtarudishiwa kiasi gani iwapo mmoja wenu atanyimwa viza na mwingine akapewa.